Bwana naizesheni

Mwezi wa pili mwaka huu nilirudishiwa mashairi ya marehemu baba yangu yakiwa na kalamu nyekundu mahali 14. Mhariri aliyeyasoma ni mtu makini, na masahihisho 13 niliyakubali bila ubishi. Baba alikuwa na tabia ya kusahau alama za mkato, na kuna beti mbili zilizopwaya mizani, jambo ambalo yeye mwenyewe angeliona ni aibu. Sahihisho la 14 ndilo lililonikaa kooni. Ubeti wenyewe ni huu:

Garimoshi limefika, abiria wa stesheni,
La kwanza kateremka, ni bwana naizesheni,
Suti yake yanyooka, tai nyekundu shingoni,
Na sisi tuliochoka, mizigo i mabegani.

Baba alifanya kazi stesheni ya Kigoma, ile ile waliyoijenga Wajerumani reli ilipofika huku ziwani mwaka 1914. La kwanza analolisema hapo ni daraja la kwanza. Mhariri alikata "ni bwana naizesheni" akaandika juu yake, kwa mwandiko mzuri kabisa, "mkubwa wa ofisini". Pembeni akaeleza kwamba neno lile ni la mtaani, limekufa, na msomaji wa leo atajikwaa.

Nilihesabu kwa vidole. M-ku-bwa wa o-fi-si-ni: 8. Kina cha mwisho kipo. Hata Sheikh Kaluta Amri Abedi, mtoto wa Ujiji hapa hapa, ambaye kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954 baba alikitunza ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ndoa, asingepata kosa la mizani wala la vina. Lakini kila nilipousoma ubeti ule kwa sauti, niliusikia umepoa. Nikakaa siku tatu natafuta namna ya kumweleza mhariri, nikakosa. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na mwisho jibu lilinijia kutoka upande wa Kiingereza, kwenye kitabu kisicho na jalada nilichokinunua Tabora nikiwa msichana.

Ilikuwa Desemba 1996, natoka chuo cha ualimu narudi nyumbani. Anayeijua reli ya kati anaijua Tabora: hapo treni inakatwa, mabehewa ya Mwanza yanakwenda kwao na ya Kigoma yanangoja kichwa chake. Siku hiyo tulingoja tangu asubuhi mpaka jua likaanza kuegemea. Akina mama walipita madirishani na maembe na asali ya chupa, na kijana mmoja alikuwa na vitabu vikuukuu ndani ya gunia la sukari. Nikachagua kimoja kwa sababu kilikuwa kinene na safari ilikuwa bado ndefu.

Kilikuwa Don Juan ya Lord Byron. Ni shairi refu la kejeli alilolianza kulichapisha mwaka 1819, akafa mwaka 1824 hajalimaliza. Nilichokipenda kwanza ni umbo lake. Kila ubeti una mistari 8: sita ya mwanzo inabadilishana vina viwili, na miwili ya mwisho inajifunga kwa kina chake yenyewe. Mtu aliyelelewa na vina na mizani hapotei humo. Nikasoma tukipita Urambo, nikasoma Kaliua taa za behewa zikiwakawaka, na karibu na Nguruka nikafika sehemu ya 11, ile iliyotoka mwaka 1823.

Juan, kijana wa Kihispania, anaingia London kwa mara ya kwanza. Yuko juu ya kilima cha Shooter's Hill, anatembea nyuma ya gari lake la farasi, na moyo umemjaa sifa kwa nchi hii: hapa sheria haivunjwi, hapa msafiri hategwi, hapa barabara ni salama. Sentensi hajaimaliza, kisu hiki hapa, toa pesa au uhai wako! Majambazi wanne. Juan hajui Kiingereza ila tusi moja, anachomoa bastola anampiga mmoja tumboni. Jambazi huyo anaitwa Tom. Akiwa anakata roho anafungua kitambaa shingoni mwake, anawaambia wampelekee Sal, na hapo hapo anakufa.

Byron angeweza kumwacha Tom pale barabarani aendelee na hadithi ya Juan. Badala yake anasimama kumlilia, na anamlilia kwa lugha ya Tom. Anauliza nani mwingine aliweza kuongoza ugomvi kama yeye, na mstari unaofuata unasema: "Booze in the ken, or at the spellken hustle?" Halafu nani aliweza "queer a flat", na nani, licha ya marufuku ya Bow Street, aliweza kwenye "high toby-spice" hata "flash the muzzle", na nani kama yeye akiwa kwenye starehe na Sal mwenye macho meusi, "blowing" wake.

Chuoni nilikuwa nimefaulu Kiingereza kwa daraja la juu. Usiku ule sikuelewa hata robo. Ilinichukua miaka kuyapata maneno hayo moja moja. "Ken" ni nyumba, hasa kijiwe cha wezi. "Spellken" ni ukumbi wa maigizo. "Flat" ni mtu anayeingizwa mjini kirahisi, na kum-"queer" ni kumchanganya akili mpaka aachie alichonacho. "High toby" ni ujambazi wa barabara kuu, mwizi akiwa juu ya farasi. "Blowing" ni hawara. Na Bow Street ni mtaa wa London ambako hakimu Henry Fielding, aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya, alianzisha kikosi cha kukamata wahalifu mwaka 1749, kwa hiyo ukilitaja jina hilo mbele ya wezi wa wakati ule, kila mmoja alijua anaambiwa nini.

Nilipofika nyumbani nilimsomea baba. Alikuwa amestaafu, tunakula ugali wa muhogo na mgebuka, taa ya chemli katikati. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini, cha ratiba na mizigo na tiketi, lakini sikio lake la ushairi lilikuwa kali kuliko langu.

"Rudia, mama," akaniambia. Nikarudia. Akafumba macho, vidole vinagonga ukingo wa sahani.

"Bustle, hustle, muzzle," akasema. "Hili la tatu linachechemea."

Ni kweli. Ndiyo maneno ya mwisho ya mistari mitatu ya ubeti ule inayopaswa kulingana vina: mawili ya kwanza yana sauti ya s, la tatu lina z. Mimi nilikuwa nimelipita bila kulisikia.

"Sasa kwa nini hakutafuta jingine? Hakuna jingine?"

Yapo. Lipo "tussle", kukurukakara za kupigana, ambalo lingekaa kwenye kina bila kasoro. Byron, aliyeweza kulipatia kina karibu neno lolote, alilichukua la wezi lenye mguu mbovu akaliacha lichecheme mbele ya watu.

Baba akawaza kidogo, akasema, "Huyu bwana amekaa na makuli."

Nikamwambia huyu alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, mwenye cheo cha Lord.

"Hata kama. Maneno haya hayafundishwi darasani."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Byron alijifunza ngumi kwa bondia John Jackson, na kwenye maelezo aliyouwekea ubeti huo anasema hakuna haja ya kuutafsiri, na kama yupo muungwana asiyeelewa basi aende akamuulize rafiki yake Jackson, profesa wa masumbwi. Yaani bwana mkubwa anawatuma mabwana wenzake kwa mpiganaji wakafundishwe Kiingereza.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi kadiri ninavyozidi umri. Byron aliondoka Uingereza mwaka 1816 na hakurudi tena akiwa hai. Sehemu hii aliiandika Italia mwaka 1822. Kwa hiyo maneno ya Tom alikuwa amekaa nayo kichwani miaka 6, mbali na mitaa yanakosemwa. Sisi Kigoma tunawajua watu wa namna hii. Mtu anatoka Mwanga au Ujiji kwenda Dar es Salaam kutafuta, anarudi baada ya miaka 10 kwenye msiba, akifungua mdomo tu unasikia mwaka alioondoka. Anakuita kwa neno ambalo vijana wa hapa walishalisahau, na macho yake yanang'aa anapolitamka.

Katika maneno yale, "hustle" ndilo lililosafiri mbali zaidi. Waingereza walilipata kwa Waholanzi, likiwa na maana ya kutikisa, na walikuwa na mchezo wa kamari wa kutikisa sarafu ndani ya kofia. Likawa kusukumana kwenye msongamano, na wezi wa mifukoni wakalipenda kwa sababu kazi yao ndiyo hiyo: mmoja anakusukuma, mwingine anakuchomolea. Leo vijana wangu wa kidato cha tatu wakishindwa ada wananiambia, "Madam, wikiendi nilikuwa Kibirizi kuhaso," maana yake alikuwa anashusha mizigo ya mitumbwi apate chochote. Ni neno lile lile. Niliwaonyesha ubeti wa Byron, na mmoja aliyekuwa hajawahi kuuliza swali darasani akainua mkono akauliza kama huyo Tom alikuwa na wazazi.

Narudi kwa mhariri, kwa sababu hoja yake ni ya zamani na ina wakubwa nyuma yake. Mwaka 1710 Jonathan Swift, mmoja wa watunzi wakali wa kejeli waliopata kuandika Kiingereza, alilalamika gazetini kuhusu maneno yanayokatwa mikia. Alilichukia hasa neno "mob", kundi la watu wenye fujo, ambalo lilikuwa kichwa tu cha maneno ya Kilatini "mobile vulgus", umati unaoyumba. Akaandika kwamba amejitahidi miaka kadhaa kulizuia, lakini wingi wa watu umemshinda. Leo "mob" ni Kiingereza safi, mwanafunzi akiliandika kwenye mtihani simkati hata nusu alama.

Na Swift huyo huyo ndiye aliyetunga, miaka kama 16 baadaye, shairi la mwizi Tom Clinch anayepelekwa Tyburn kunyongwa. Umati unapiga kelele, naye amekaa juu ya gari kwa madaha, anasimama kwenye baa ya George anachukua chupa ya mvinyo, anaahidi atalipa akirudi. Watu wa London walikuwa na maneno yao ya safari hiyo. Kapteni Francis Grose, aliyechapa kamusi ya lugha ya mitaani mwaka 1785, ameandika kwamba kunyongwa kuliitwa kucheza dansi ya Paddington, kwa sababu Tyburn ilikuwa upande huo. Namheshimu sana Grose. Mshairi Robert Burns alikuwa rafiki yake, na mwaka 1789 aliwatungia Waskoti onyo kwamba kuna jamaa yuko katikati yenu anaandika kila kitu, na haki ya Mungu atakichapa. Kwa Grose najua neno lilimaanisha nini. Kwa Byron na Swift ninamwona aliyelisema, ana kiu, ana mchumba, ana kitambaa shingoni.

Ukiisoma kamusi ile utakuta "rum" maana yake bora, safi, na "queer" maana yake bovu. Baadaye "rum" likageuka likawa la kitu cha ajabu kisichoeleweka. Hili halinishangazi, kwa sababu nimeishi kuona "hatari" likiwa sifa. Mchezaji akifunga bao zuri uwanja wa Lake Tanganyika, watu wanasema yule hatari. Mjukuu wangu akisoma magazeti yetu ya leo miaka 60 ijayo bila mtu wa kumwelekeza, atadhani tulikuwa tunaogopa washambuliaji wetu wenyewe.

Basi na neno la baba. Naizesheni ni mkia. Baada ya uhuru wa 1961 serikali ilianza kuwaweka Waafrika kwenye nafasi za Wazungu, na mpango huo ulikuwa na jina refu la Kiingereza, Africanization. Watu wakakata kichwa, wakabaki na mkia. "Mob" lilibaki kichwa, letu likabaki mkia, kama "basi" tunalopanda kwenda Kasulu, ambalo nalo ni mkia wa neno la Kilatini "omnibus", kwa wote. Swift angekasirika. Mimi nikilitamka naizesheni nalisikia likigongana na stesheni, tena silabi mbili nzima, she-ni na she-ni, kama behewa linapogonga jingine likiungwa. "Ofisini" lina -ni tu. Hapo ndipo nilipoanza kuona ubeti ulipopoa.

Lakini nilitaka pia kulisikia kwa mtu aliyelitumia. Nikampelekea daftari mzee mmoja wa Gungu, aliyekuwa gadi wa treni enzi za baba, sasa macho yamekwisha. Nikamkuta amekaa chini ya mwembe na redio yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nini, mbona nasikia karatasi?"

Nikamsomea ubeti, ule wa baba. Alipofika kusikia naizesheni akacheka mpaka akashika ubavu. Nikamngojea.

"Mwanzoni tulilisema kwa furaha," akaniambia. "Mzungu anafunga sanduku, kiti hakijapoa, mwenzetu anakaa. Tulipiga makofi. Halafu ukamwona mwenzetu anaanza kupanda daraja la kwanza, anakuuliza tiketi kwa Kiingereza, na jana mlikuwa mnakula naye sahani moja. Hapo neno likabadilika ladha. Ukimwambia mtu naizesheni umemwambia mambo mawili kwa pamoja: wewe ni wetu, na wewe umetusahau."

Nikamsomea na toleo la mhariri. Akatulia, akasema, "Huyo wa ofisini ni nani? Wa ofisini anaweza kuwa Mjerumani, anaweza kuwa Mwingereza, anaweza kuwa wa juzi. Sisi hatukubebea mizigo watu wa ofisini. Tulimbebea yule."

Nilikuwa nimeshafunga daftari naaga, akaniuliza, "Umesema tai ya rangi gani?"

"Nyekundu."

"Baba yako hakukwambia?"

Nikamwambia hakuniambia kitu.

"Mwaka walipompandisha kuwa msaidizi wa stesheni masta, alishuka kwenye treni ya kutoka Tabora na tai nyekundu. Alikuwa ameitwa huko kupewa barua. Makuli wote walikuwa pale wanangoja mizigo, na mmoja akapaza sauti: huyooo, naizesheni! Jukwaa zima likacheka. Baba yako alisimama akaweka begi chini. Nilidhani atagomba. Akalivua koti, akaenda akashika upande wa pili wa gunia la mtu."

Sikuweza kusema kitu kwa muda. Miaka yote nimeusoma ubeti ule nikimweka baba kwenye mstari wa nne, na tuliochoka, mizigo mabegani. Sikuwahi kufikiri kwamba yuko pia kwenye wa pili na wa tatu, kwamba alilichukua neno walilomrushia akalipeleka nyumbani, akalikalia na kalamu, akalitafutia kina chake, na hakukipata mbali, kwa sababu alikuwa anafanya kazi ndani yake.

Usiku ule nilimwandikia mhariri. Nilimweleza kuhusu "muzzle" kuchechemea na "tussle" kuachwa, nikamweleza habari za gadi, nikamwomba anirudishie mstari wa pili kama ulivyokuwa na aniruhusu maelezo ya mistari miwili chini ya ukurasa. Alinipigia simu kesho yake. Alikuwa na swali moja tu, kama mzee wa Gungu yuko tayari kusomewa daftari zima, maana kuna neno jingine ukurasa wa 17 ambalo yeye alilipita akidhani ni kosa la mwandiko.

Tai ninayo. Ilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya mashuka, imekunjwa mara nne, na kwenye mkunjo rangi imefifia kuwa kama ya udongo wa Kasulu. Jumamosi naipeleka Gungu pamoja na daftari, mzee aishike.